Fungate ya siku saba Mikindani: mwongozo kamili kwa maharusi

Bibi yangu alikaa fungate katika chumba kimoja cha nyumba ya makuti, siku saba kamili. Somo wake, yaani mama aliyemfunda, ndiye aliyekuwa akileta uji asubuhi na wali wa nazi jioni. Anaweka sinia mlangoni, anabisha hodi mara moja, anaondoka. Maharusi kazi yao ilikuwa kula, kulala na kuzoeana. Neno fungate tunalo hadi leo, ila siku saba tumezipoteza. Watu wanatoka ukumbini saa nane usiku, asubuhi wako safarini, siku tatu wanakimbizana na mahali pa kupigia picha, ya nne wamerudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka.

Mwongozo huu ni wa kuirudisha fungate ya bibi yangu, safari hii kando ya bahari. Mji ninaoupendekeza ni Mikindani, kama kilomita kumi kabla ya kufika Mtwara mjini ukitokea Lindi. Ni mji mdogo wa kale uliokaa ukingoni mwa ghuba iliyojikunja kama bakuli, wenye nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, mikoko, ngalawa na mibuyu juu ya kilima. Hakuna safu ya mahoteli wala muziki wa ufukweni. Kama mnapenda kucheza hadi alfajiri, mtaboreka siku ya pili, na ni heri mjue sasa. Mnaotaka kulala, kula samaki na kuongea bila kuitwaitwa, endeleeni kusoma.

Hatua ya kwanza: toeni pesa ya fungate kabla kamati haijakaa

Kamati ya harusi haichangii fungate. Itashughulika na ukumbi, mapambo, vinywaji, MC na gari la maharusi, na kila kikao kitaongeza jambo. Pesa ya mapumziko ikikaa mfuko mmoja na ya harusi, itaishia kwenye kreti za soda. Kwa hiyo nyinyi wawili, peke yenu, wekeni fungu lenu pembeni mapema. Lipeni nauli na sehemu ya malazi kabla michango haijaanza kuingia, halafu msimwambie mtu kiasi kilichobaki.

Mgawanyo ninaoupenda ni huu: nusu ya pesa iende kwenye chumba kizuri chenye kifungua kinywa, robo iwe ya njia, robo iliyobaki ya chakula, mashua na dharura. Chumba kipewe nusu kwa sababu ndimo mtakamokaa. Watu wengi hufanya kinyume, wanalala pabaya ili wapate pesa ya matembezi, halafu wanarudi kutoka matembezini hawana pa kupumzikia. Benki ziko Mtwara mjini, hivyo toeni noti za kutosha mapema. Mtu wa ngalawa na mama wa samaki wanataka fedha mkononi.

Jambo jingine: msisafiri kesho yake. Harusi ikiwa Jumamosi, ondokeni Jumanne. Jumapili ni ya kulala na Jumatatu ya kuaga wazee na kufungua zawadi.

Hatua ya pili: chagueni wiki kwa upepo na kwa mwezi

Hapa ndipo fungate ya pwani inapoharibika au kunoga, na ndipo wengi hawajui kabisa.

Tuanze na majira. Kusini mvua yetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mei hadi Agosti ni kiangazi cha kusi, upepo unaotoka kusini. Jua ni la kupendeza na usiku una ubaridi, ila nje ya ghuba bahari inachafuka na vyombo vidogo vinapata tabu. Kipindi ninachowaambia ndugu zangu ni katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba, kusi inapolegea na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, bado haijashika, wakati wa maleleji. Maji yanatulia na kuwa maangavu. Nyangumi wenye nundu, wanaokuja kuzalia kwenye maji yetu ya joto wakitokea bahari za kusini kabisa mwa dunia, bado wanapita.

Kipindi hichohicho ndicho cha korosho. Kuanzia Oktoba minada inafunguka, wanunuzi na madereva wa malori wanajaa Mtwara, na vyumba vinakuwa adimu. Mimi na mume wangu tulijifunza hilo usiku. Tulikuwa tumeagiza chumba kwa simu bila kulipa hata senti. Tulipofika saa tano usiku, mwenye nyumba ya wageni akatuambia kwa upole kwamba chumba kimeshachukuliwa na mteja aliyelipa wiki nzima. Tukalala kwenye kitanda kimoja cha futi tatu na nusu, katika chumba cha kuhifadhia magodoro. Lipeni malipo ya awali, na ombeni ujumbe wa simu unaothibitisha tarehe.

Sasa mwezi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kwa dakika kama hamsini. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa tele mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa mbali sana mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo inazidi mita tatu. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Hayajai sana wala hayakupwi sana, na saa zimegeuka: kujaa ni saa nne asubuhi, kupwa ni saa kumi alasiri.

Kwa nini maharusi wahangaike na hayo? Kwa sababu ghuba ya Mikindani upande wa mjini ni ya maji mafupi. Ikikupwa inabaki tope, mizizi ya mikoko na ngalawa zilizolala ubavu. Nimewaona wageni wakisimama pale saa nne asubuhi na taulo begani, nyuso zimeanguka, wakidhani wameuziwa picha ya uongo. Picha ilikuwa ya kweli, wao ndio waliokuja saa isiyo yake.

Ushauri wangu: fikeni siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu. Kama hamna kalenda ya maji, tazameni ya Kiislamu, tarehe 14 na 15 za mwezi ndizo mwezi mpevu. Mkifika tarehe 13, siku za mwanzo mtaogelea alasiri maji yakiwa yamejaa, na jua likitua mwezi mzima unachomoza upande wa pili. Siku za mwisho saa za kujaa zitakuwa zimesogea hadi usiku na asubuhi, kwa hiyo mtaogelea kabla ya chai. Wiki nzima maji yanawafuata. Hesabu hii ya dakika kumi ina thamani kuliko hoteli ya gharama.

Hatua ya tatu: chumba

Mikindani ina malazi machache, na uchache huo ndio uzuri wake. Linalojulikana zaidi ni Boma, ngome nyeupe ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1895, ambayo shirika la Trade Aid la Uingereza liliikarabati na kuigeuza hoteli. Kuna pia nyumba ndogo za wageni karibu na maji. Wanaotaka feni, kiyoyozi na chaguo pana la vyakula wanaweza kulala Shangani, Mtwara mjini, na kuja Mikindani kwa bajaji. Hata hivyo mkilala Shangani mtakuwa mmechagua mji mkubwa, na fungate yenyewe itakuwa nyingine.

Kabla ya kulipa popote, pigeni simu na kuuliza kama wapo wazi wiki hiyo, kisha ulizeni haya: chandarua kipo na hakina matundu? Umeme ukikatika kuna jenereta au sola? Maji yanatoka bombani au mnaletewa kwenye ndoo? Dirisha linaangalia wapi? Hilo la mwisho lina maana kubwa. Chumba chenye dirisha upande wa ghuba kinapata upepo, na cha nyuma kinaweza kuwa tanuri. Ulizeni pia kama jikoni watakubali kuwapikia samaki mtakaonunua wenyewe. Jibu likiwa ndiyo, mmepata pa kukaa.

Hatua ya nne: njia

Kwa ndege ni kama saa moja kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, kisha bajaji au teksi hadi Mikindani. Pesa ikiruhusu, pandeni ndege wakati wa kwenda na basi wakati wa kurudi, kwa sababu uchovu mwingi mtakuwa nao mwanzoni.

Kwa basi ni safari ya kutwa, zaidi ya kilomita 550. Mnavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, mnapita Nangurukuru, Lindi, kisha Mnazi Mmoja ambako njia ya Masasi inachepuka. Jambo ambalo halisemwi: basi linaipita Mikindani kabla ya kufika Mtwara. Mwambieni kondakta tangu mwanzo kwamba mnashuka Mikindani, mkumbusheni mkiondoka Lindi, na mabegi yenu yakae mahali pa kufikika. Msipofanya hivyo mtapelekwa hadi stendi na kulipa bajaji kurudi mlikotoka.

Mnaokwenda na gari lenu, gaweni safari. Laleni Lindi, kuleni pweza pembeni mwa ghuba jioni, kesho yake mmalizie kilomita kama 100 zilizobaki mkiwa na nguvu. Wakati wa mvua ulizeni hali ya barabara kabla ya kuwasha gari. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara hii mkoani Lindi na abiria wakakwama njiani.

Hatua ya tano: begi

Begi moja kwa kila mtu linatosha. Kanga mbili au tatu, kikoi, nguo nyepesi za pamba, kofia, tochi, dawa ya mbu, na yeboyebo za kuvaa majini, maana penye mwamba kuna viumbe wa miiba mieusi inayovunjikia unyayoni. Kitambulisho cha taifa ni lazima kwa ajili ya ada ya hifadhi ya bahari, nitakuja kueleza. Vitenge vya zawadi acheni nyumbani.

Mtwara na Lindi zina malaria nyingi. Laleni ndani ya chandarua kila usiku, hata kama hamjamsikia mbu. Yeyote atakayepata homa, wakati wa fungate au wiki chache baada ya kurudi, apime siku hiyohiyo. Bibi harusi ambaye tayari ana mimba aonane na daktari kabla ya safari.

Hatua ya sita: siku saba zenyewe

Siku mbili za kwanza msiende popote. Najua mtawashwa. Mmelipa nauli, mji uko nje ya dirisha, na ndugu wanauliza kwenye kundi la WhatsApp picha ziko wapi. Zimeni simu. Laleni hadi njaa iwaamshe. Watu wengi husema walianza kuzungumza vizuri siku ya tatu, kwa sababu hizo mbili za mwanzo mwili bado uko ukumbini.

Siku ya tatu, tokeni saa kumi na nusu, jua likiwa limepoa. Anzieni Bomani, mshuke taratibu kuelekea baharini. Mtapita nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa zamani, nyingine zimekarabatiwa, nyingine mti wa mwitu umeota juu ya ukuta na kuupasua. Simameni kwenye mlango wowote wa nakshi mkauangalie kwa karibu. Pitisheni kidole kwenye mchongo. Chokaa na vumbi vimejaa kwenye mifereji ya maua, lakini pale mikono ya watu ilipokuwa ikishika kila siku, mbao imekuwa laini na nyeusi kama iliyopakwa mafuta. Kuna nyumba yenye bango la kumbukumbu ya David Livingstone, aliyetua ghuba hii mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Karibu na hapo kuna jengo linaloitwa Soko la Watumwa. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa ikiishia Mikindani, na watu waliuzwa hapa. Simameni kimya kidogo. Fungate haikatazi kuwakumbuka wale ambao waume na wake zao walitenganishwa kwenye pwani hiihii.

Siku ya nne au ya tano iwe ya bahari. Tafuteni nahodha jioni ya kabla yake, pale wanapotengeneza nyavu, na msikilize anavyojibu. Sisi tulimuuliza mmoja kama atatupeleka kesho kutazama nyangumi. Akaangalia mawingu, akatemea mate pembeni, akasema:

"Kesho hapana, shemeji. Kuna upepo. Njooni keshokutwa alfajiri, na dada aje na kitu cha kujifunika."

Aliacha pesa ya siku nzima ili asitubebe kwenye mawimbi. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kwenda naye. Anayekubali kila kitu haraka, mwacheni. Kabla ya kupanda, hakikisheni kuna jaketi okozi kwa kila mmoja, bei imetajwa kwa safari nzima na si kwa kichwa, na saa ya kurudi imekubaliwa. Mkimwona nyangumi, mwombeni nahodha apunguze mashine na kukaa mbali, hasa akiwa na mtoto.

Siku moja nyingine mnaweza kwenda Msimbati, kusini mashariki ya Mtwara, kwa gari la kukodi. Njiani mtapita Madimba, kilipo kiwanda cha kuchakata gesi inayokwenda Dar es Salaam kwa bomba. Msimbati ni mchanga mweupe mrefu, na mara nyingi mtakuwa nyinyi wawili na wavuvi tu. Miaka ya mwisho ya ukoloni Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, alipapenda hadi akatangaza kwamba Msimbati ni nchi huru yenye utawala wake. Ukikaa pale saa mbili unamwelewa. Eneo hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hivyo kuna ada ya kuingia. Raia hulipa kiwango chake, na hapo ndipo kitambulisho kinapohitajika. Bebeni maji, matunda na kivuli. Kabla ya kuingia majini waulizeni wavuvi mkondo unavuta upande gani, na muogelee wanapowaonyesha. Matumbawe na makombe msichukue.

Siku mbili zilizobaki ziacheni tupu.

Chakula, ambacho ndicho nusu ya fungate

Samaki nunueni wenyewe, mashua zinaporudi. Shavu liinuliwe, ndani pawe pekundu. Jicho liwe limejaa na linang'aa, na ukibonyeza mgongo, nyama irudi. Sisi tulichukua changu wawili. Mama aliyetuuzia aliwaparua magamba kwa kisu kilichokwisha makali, akawachana mgongoni, akawapaka chumvi na ndimu huku anatuuliza tumeoana lini. Aliposikia siku tano, akaongeza mkono wa pweza bila kusema bei. Jikoni waliwachoma nusu, wakawamalizia kwenye tui zito la nazi. Tulikula na wali, kwa mkono, sinia moja.

Barabarani ulizeni ming'oko, mizizi myembamba ya porini inayochemshwa na kuuzwa na chumvi na pilipili. Unamenya kwa meno ukitembea. Watu wa Dar wengi hawajawahi kuiona, na kwetu kiangazi hakikamiliki bila hiyo. Msimu wa korosho kuna mabibo, mekundu na ya njano, yenye maji matamu yanayokausha ulimi. Kuleni mkiwa mmeinama mbele, kwa maana maji ya bibo yakidondokea nguo nyeupe doa halitoki. Uraka, unaochachushwa kutokana na mabibo hayo, una nguvu kuliko unavyoonja, basi kidogo kidogo.

Adabu za mji

Mikindani ni mji wa Waislamu wengi na wazee wengi. Shikamoo iwatangulie kila mnapopita barazani, nao watawafungulia mji. Mabega na magoti yafunikwe mtaani, kanga moja inamaliza kazi. Nguo za kuogelea zibaki majini. Kushikana mikono sawa, mengine yasubiri chumbani. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana mitaani ni vigumu kupata, na heshima inadai msile hadharani. Msipige watu picha bila kuomba, hasa akina mama wanaochokoa pweza maji yakikupwa.

Kurudi

Mabasi ya Dar es Salaam yanaanzia Mtwara. Kateni tiketi siku mbili kabla, na kama mnataka kupandia Mikindani, hakikisheni ofisi imeandika hivyo kwenye tiketi na mna namba ya kondakta, la sivyo viti vyenu vitakaliwa. Usalama zaidi ni kwenda stendi yenyewe.

Korosho za kuwapelekea wakwe nunueni siku ya mwisho, zilizobanguliwa na kukaangwa siku hiyohiyo. Onjeni kwanza. Ivunjike kwa mlio, iwe nyeupe ndani na isiwe na harufu ya mafuta ya zamani. Zifungeni kwenye chombo kisichopitisha hewa, kisha zibebeni mapajani. Chini ya basi mtazikuta unga.